Tulipe Kazi, Tusilipie Kufuli: Nyenzo Huria za Elimu kwa Shule Zetu

(Hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika mkutano wa kamati za elimu za sharika za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)



Wengine mmepanda kutoka ziwani, wengine mmetoka Ukata na vijiji vingine vya milimani, na najua kuna walioacha kahawa ikiwa juani. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Jioni ya leo mtapigia kura bajeti ya elimu. Mmeletewa mapendekezo mawili. La kwanza ni kununua kompyuta kwa ajili ya chumba ambacho wenzetu wa usharika mmoja wamekwisha kukijenga hadi usawa wa linta kwa nguvu zao wenyewe. La pili ni fungu la kuandaa na kuchapa masomo kwa kutumia kile kinachoitwa nyenzo huria za elimu. Fedha zilizopo hazitoshi yote mawili kwa mwaka mmoja. Nimeombwa nieleze hizo nyenzo huria ni kitu gani, ili atakayepiga kura ajue anachokipigia. Naomba nianze kwa kuungama kosa, kwa sababu mimi mwenyewe jambo hili nililijua kwa kukosea.

Kosa letu la mwaka 2020

Mnakumbuka kwamba tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo vilikuwepo vipindi vya masomo katika redio na televisheni, lakini kila mmoja wetu anajua nyumba ambazo redio haina betri na televisheni haijawahi kuingia. Kwa hiyo ofisi yetu iliamua kuchapa mazoezi, na wainjilisti wakayapeleka mitaani.

Tulikuwa na haraka. Tukapata kijitabu cha mazoezi ya Hisabati kilichoandikwa na mwalimu mstaafu wa huku huku kwetu, ambaye alikuwa akikiuza kwa bei ndogo. Kilikuwa kizuri na Kiswahili chake kilieleweka. Ili kuokoa karatasi tuliondoa jalada na ukurasa wa kwanza. Tukapiga nakala 200, tukagonga mhuri wa ofisi, tukagawa. Watoto walifurahi, nasi tuliandika taarifa nzuri kwa wafadhili.

Shule zilipofunguliwa mzee yule alikuja ofisini. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Akaketi, akaweka mezani kijitabu chake, na kando yake nakala yetu yenye mhuri. Akasema, "Watoto kusoma sina ugomvi nako. Hata mngeniomba ningewapa. Lakini jina langu mmelitupa wapi? Na haya makosa ya ukurasa wa 15 ni ya nani? Ni yangu, au ni ya huo mhuri wenu?"

Kumbe mashine iliruka ukurasa mmoja wa katikati. Majibu ya nyuma yalikuwa hayalingani na maswali ya mbele, na walimu wengine walikuwa wamekwisha kusema kwamba mtunzi hajui hesabu. Sikuwa na la kujibu.

Wapendwa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya nchi yetu inamlinda mtunzi tangu anapoandika, hata kama hakuandikisha kazi yake popote. Tulifanya tendo la huruma kwa mali ya mtu mwingine, tena bila kumtaja. Nilimwomba radhi, naye alinisamehe. Lakini swali lake halikuniacha: je, ipo njia ya kuwafikishia watoto masomo bila kuiba na bila kusubiri wenye fedha? Njia hiyo ipo, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Maana ya neno "huria"

Neno huria kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga halina ladha nzuri sana. Tulilisikia katika miaka ya 1990 liliposemwa soko huria, na wengi walilielewa kuwa ni kila mtu na lwake. Katika elimu maana yake ni nyingine. Nyenzo huria ya elimu ni kitabu, somo, picha, zoezi, kipindi cha sauti au cha video ambacho mwenyewe ametangaza kwa maandishi kwamba watu wote wana ruhusa ya kukitumia bila kumlipa.

Mwalimu mmoja wa Marekani, David Wiley, ameifafanua ruhusa hiyo kwa mambo matano: kubaki na nakala yako, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine, na kuwagawia wengine. Naomba mlishike sana lile la tatu, kuirekebisha. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kitu cha bure na kitu huria.

Kitu cha bure unakipokea kama kilivyo. Kama kinazungumzia theluji, utawafundisha watoto wa Ukata theluji. Kitu huria kinakuruhusu kuiondoa theluji na kuweka ukungu wa asubuhi wanaouona wenyewe. Mfano mzuri wa tofauti hii tunao nchini. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao, na mtu anaweza kuvisoma bila malipo. Ni jambo jema, nasi tunawahimiza walimu wavitumie. Lakini ruhusa ya kusoma siyo ruhusa ya kubadili, kutafsiri au kuchapa upya. Kwa hiyo kabla ya kupiga nakala ya chochote, tufungue kwanza ukurasa wa haki tuone umeandikwa nini.

Historia yake si ndefu. Mwaka 2001 chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake katika intaneti ili yeyote ayasome. Mwezi Julai 2002, katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, wajumbe walikubaliana juu ya jina la nyenzo hizi. Mwezi Desemba mwaka huohuo shirika la Creative Commons lilitoa leseni zake za kwanza, ambazo ndizo zinazotumika zaidi hadi leo. Na mwezi Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo rasmi la kuhimiza nyenzo huria za elimu.

Leseni hizo ni kama kibao kwenye lango la shamba. Shamba lina mwenyewe, lakini ameandika mpita njia anaruhusiwa nini. Alama zake ni nne. Ya kwanza inasema: taja jina langu. Ya pili: ukirekebisha, nawe toa kazi yako kwa masharti hayahaya. Ya tatu: usifanye biashara. Ya nne: usibadilishe kitu. Mtunzi huchagua alama anazozitaka. Penye alama ya nne mnaweza kupiga nakala, lakini kutafsiri au kurekebisha hamruhusiwi. Kwa kazi yetu hiyo bado ni kufuli. Mjumbe wa kamati akizijua alama hizi nne, anatosha kabisa kuzuia kosa tulilolifanya mwaka 2020.

Yaliyopo tayari kwa Kiswahili

Mtu anaweza kudhani kwamba haya yote yako kwa Kiingereza. Siyo kweli.

Upo mpango uitwao TESSA, yaani elimu ya walimu katika Afrika Kusini mwa Sahara, ulioanza mwaka 2005. Unaongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Masomo yake ni kwa ajili ya walimu wa shule za msingi: kusoma na kuandika, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii na sanaa, na stadi za maisha. Yamo pia kwa Kiswahili. Kila sehemu ina visa vya walimu waliojaribu jambo fulani darasani, shughuli za kufanya na wanafunzi, na nyenzo za kusaidia. Hayachukui nafasi ya mtaala wa Serikali. Yanamsaidia mwalimu kuufundisha.

Upo pia mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Una hadithi fupi zenye picha kwa watoto wanaoanza kusoma, katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mwalimu anaweza kuzichapa, kuzitafsiri, au kuandika yake. Na ipo Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003, ambayo huandikwa na watu wa kujitolea na iko chini ya leseni huria.

Wazee watanielewa nikisema kwamba wazo hili si geni Tanzania. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kulikuwa na kipindi cha redio, kijitabu, na vikundi vya kusoma vijijini vyenye viongozi waliofundishwa kazi hiyo. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Kijitabu kilifanya kazi kwa sababu kilikuwa na kikundi na kiongozi. Naomba mlikumbuke hilo tutakapofika kwenye fedha.

Somo la ngoro

Sasa nije kwetu. Mwaka juzi walimu watano wa shule moja ya milimani walikubali kujaribu. Walikutana Jumamosi mbili. Walichukua somo huria la sayansi linalohusu udongo na mmomonyoko, wakalirekebisha.

Mfano wa somo la awali ulikuwa mzuri, ila haukuwa wa milima yetu. Wakati huohuo mtoto wa Kimatengo anapita kila siku katika moja ya njia bora za kuhifadhi udongo, nayo ni ngoro. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Japani walikuja Mbinga kuanzia miaka ya 1990 kuichunguza, na wameandika mengi juu yake. Lakini maandishi hayo yako katika majarida ya wasomi, kwa Kiingereza. Mtoto wa mwenye ngoro hajayaona.

Basi walimu wakaandika kurasa nne. Wakaeleza jinsi nyasi zinavyofyekwa na kupangwa kwa miraba juu ya mteremko. Jinsi udongo wa katikati unavyochimbwa na kufunika nyasi, likabaki shimo. Jinsi mvua inavyonaswa humo badala ya kushuka na udongo hadi bondeni. Na jinsi nyasi zinavyooza na kuwa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Halafu yakafuata majaribio: wanafunzi wamwage maji kwenye mteremko mtupu na kwenye ngoro ndogo waliyoichimba, walinganishe rangi ya maji yanayotoka.

Rasimu ilisomwa mbele ya wazazi. Mama mmoja wa makamo akanyosha mkono akasema, "Mmeandika 'mkulima huchimba'. Mkulima gani? Wanaume wanafyeka na kupanga nyasi. Kuchimba na kufukia ni sisi." Walimu walicheka, kisha wakarekebisha. Baadaye mwanafunzi wa Darasa la Sita akaonyesha kwamba katika mchoro mshale wa maji umeelekezwa kupanda mlima. Toleo la pili likatoka bila kosa hilo.

Kurasa hizo zilipofika kwa wenzao wa ziwani, hawakuzitumia kama zilivyo, kwa kuwa huko hakuna ngoro. Walichukua mpangilio ule ule wa kuchunguza, kupima na kulinganisha, wakaandika somo la kukausha usipa: uliotandazwa chini na uliotandazwa juu ya kichanja. Hawakuhitaji kumwomba mtu, maana ruhusa ilikuwa imeandikwa chini ya ukurasa pamoja na majina ya walimu watano na chanzo cha somo la kwanza. Ndivyo kitu huria kinavyotembea, na kila kinapopita kinaacha jina la aliyekifanyia kazi.

Mashine au karatasi?

Najua swali lililopo: haya yote yako katika intaneti, nasi hatuna intaneti shuleni. Je, tusianze na kompyuta?

Ndugu zangu, mimi si adui wa kompyuta. Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018, na umeme umeendelea kuvifikia vijiji. Zipo pia programu kama Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani, ambayo huhifadhi masomo katika mashine moja ili wanafunzi wayafungue bila intaneti kabisa. Siku yake itafika na sisi tutaitumia.

Lakini tuangalie njia iliyotumika kwa somo la ngoro. Mwalimu mmoja alipakua masomo kwa simu yake akiwa Mbinga mjini. Akayabeba katika kadi ya kumbukumbu hadi shuleni. Wenzake wakayasoma katika simu hiyo, wakaandika rasimu kwa mkono, ofisi yetu ikachapa nakala moja safi, na nyingine zikatolewa kwa mashine ya usharika. Kilichohitajika ni simu moja, kadi moja, rimu za karatasi, wino, na zaidi ya yote, Jumamosi mbili za walimu watano.

Tulichokuwa nacho kidogo kuliko vyote ni hizo Jumamosi. Mwalimu ana shamba, ana watoto, wengine wana masomo ya ziada yanayowaingizia kidogo. Mara ya kwanza walikuja kwa hiari na tuliwapa chai. Mara ya pili walikuja watatu. Mara ya tatu hakuja mtu. Sikuwalaumu. Tulikuwa tumelichukulia neno huria kana kwamba kazi yao haina thamani.

Mkate wa mwalimu

Hapa narudi kwa yule mwalimu mstaafu, kwa sababu ndiye aliyetufundisha jibu.

Baada ya kumwomba radhi, nilimweleza habari za leseni huria na kumuuliza kama angekubali kijitabu chake kiwe huria. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Mwanangu, hicho kijitabu ndicho kinachoninunulia sabuni. Unaniomba nitoe mkate wangu ili ofisi yako iandike taarifa?" Lilikuwa swali la haki. Wanaohubiri uhuria mara nyingi wana mishahara; anayeombwa kutoa mara nyingi hana.

Tulizungumza siku tatu tofauti. Mwishoni tulikubaliana hivi. Ofisi imlipe mara moja kwa kazi ya kukipitia upya kijitabu, kusahihisha na kuongeza mazoezi. Baada ya hapo kitolewe kwa leseni yenye sharti la kutaja jina lake, na yeyote atakayekirekebisha atoe kazi yake kwa sharti hilohilo. Naye akabaki na uhuru wa kuendelea kuuza nakala zilizochapwa vizuri, maana leseni hiyo haikatazi biashara. Malipo hayakuwa makubwa, lakini kwa maneno yake mwenyewe yalikuwa zaidi ya alichopata kwa kuuza kimoja kimoja mwaka mzima. Leo kijitabu kile kina jalada, na juu ya jalada kuna jina lake.

Hapo ndipo nilipopata maneno ninayowaachia leo: tulipe kazi, tusilipie kufuli. Tukinunua vitabu vilivyofungwa, kila mwaka tunalipa tena kwa ajili ya ruhusa ileile. Tukimlipa mwalimu mara moja kwa kazi yake, shule zote za mlimani na ziwani zinanufaika, za Serikali na za madhehebu yote, pamoja na watoto wa Kiislamu tunaosoma nao. Mwakani fedha ileile italipia somo jingine.

Sisi Walutheri tuna sababu ya kulielewa jambo hili. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule na kuzitunza, na mwishoni akataka wajenge pia maktaba. Yeye mwenyewe hakudai malipo kwa wachapaji wa vitabu vyake. Lakini mwaka 1525 aliwalalamikia wachapaji waliochapa maandishi yake kwa haraka na makosa mengi, hata hakuyatambua tena kuwa ni yake. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mzee wetu na ukurasa wake wa 15. Mtu anaweza kutoa kazi yake bure kabisa na bado akawa na haki ya kudai itunzwe.

Ninachowaomba

Kwanza, kwa kamati za sharika. Naomba fungu la elimu la mwaka huu litangulize malipo ya kazi ya walimu na gharama za kuchapa, kabla ya vifaa. Nasema hivi nikijua kwamba ndugu zetu wenye chumba cha kompyuta watasikia uchungu. Kuta hizo walizibeba mabegani. Siwaambii wazibomoe. Naomba waruhusu chumba kiezekwe na kianze kama chumba cha walimu kukutania na kuchapia masomo, hadi fedha za mashine zitakapopatikana. Kompyuta zitakapokuja zitakuta masomo yetu wenyewe yanazisubiri.

Pili, kila kamati imteue mtunzaji wa nakala mama: nakala moja ya karatasi katika kabati la usharika, na moja katika kadi ya kumbukumbu. Masahihisho yote yapitie kwake, na kila toleo liandikwe namba. Tusipofanya hivyo, baada ya miaka miwili tutakuwa na matoleo kumi ya somo moja na hatutajua lipi ni sahihi.

Tatu, kitu chochote kitakachoandikwa kwa fedha za miradi yetu kiwe huria, na kiwe na majina ya walioandika. Mhuri wa ofisi usikae mahali pa jina la mtu.

Nne, kwa marafiki zetu wafadhili. Mmetusaidia kwa upendo mwingi, na kwa sababu ya upendo huo naomba niseme ukweli. Ipo stoo moja yenye maboksi ya vitabu vilivyotoka mbali, vizuri na vya rangi, vinavyofundisha watoto juu ya treni za chini ya ardhi. Walimu wamevitunza kwa heshima, lakini hawavitumii. Gharama ya kuvisafirisha ingewalipa walimu kwa Jumamosi nyingi. Mkitaka kutusaidia, tuulizeni kwanza somo gani linahitajika, kisha lipieni kazi na karatasi. Na kama shule zenu wenyewe zina masomo mazuri, yatoeni kwa leseni inayoruhusu kutafsiri. Zawadi hiyo haihitaji meli.

Kwa upande wetu tunaahidi taarifa ya wazi: nani alilipwa, kwa kazi gani, nakala ngapi zilitoka, zilikwenda shule zipi, na makosa gani yalipatikana. Hilo la mwisho mwaka 2020 tulilificha. Hatutalificha tena.

Nimalizie. Wiki iliyopita nilipita kwa mzee wetu kumwambia kwamba nitamtaja katika mkutano huu, bila jina kama alivyopenda. Alikuwa na nakala ya kijitabu chake mkononi, na kalamu nyekundu. Alikuwa amekuta kosa jingine, safari hii lake mwenyewe. Akanikabidhi akasema, "Peleka kwa mtunzaji. Waambie ni toleo la tatu."

Mungu awabariki, na aziongoze kura zenu.